Nyonga bandia ikianza kuuma: upige picha ipi, na ile ya kwanza uliiweka wapi?

Wapendwa wasomaji, barua za nyonga zimekuwa nyingi na karibu zote zinauliza kitu kimoja: nilibadilishiwa nyonga, sasa inauma, nikapige picha gani? Nimechagua chache ambazo jibu lake litawafaa na wengine. Ila kabla hamjaendelea naomba kitu kimoja, kama nyumbani kwako kuna mtu mwenye nyonga bandia hebu muulize picha yake ya kwanza baada ya operesheni iko wapi, maana mtaona humu kila tukigeuka tunarudi kwenye hiyo picha.

Paja linauma nikisimama, ripoti inasema iko sawa

*Shikamoo daktari. Mimi nina selimundu, nilibadilishiwa nyonga ya kulia miaka minne iliyopita baada ya kichwa cha mfupa kufa. Ilikuwa poa kabisa mpaka mwaka jana mwishoni paja likaanza kuuma, hasa nikiinuka kwenye kiti, zile hatua za kwanza kwanza, nikishatembea kidogo linaachia. Nimepiga eksrei wanasema nyonga bandia iko mahali pake. Rafiki zangu wananiambia eksrei ni mambo ya kizamani nitafute hela nipige MRI. Nifanyeje? – Msomaji, Morogoro*

Marahaba, na pole sana. Nianze na hao rafiki zako, nia yao ni nzuri ila usikimbilie MRI, ile picha ya mashine ya sumaku. Kwa nyonga bandia eksrei ya kawaida bado ndo picha ya kwanza dunia nzima, hata hospitali zenye mashine za kila aina wanaanza nayo, na mara nyingi inatosha ikisomwa vizuri. Shida ni hapo kwenye kusomwa vizuri. Ukimpa mtu picha moja tu ya leo akuambie kama chuma kimelegea unampa kazi ngumu mno, maana kulegea ni kusogea, na kusogea huwezi kukuona kwenye picha moja. Unaweka ya leo pembeni ya ile ya wiki za mwanzo na ya mwaka jana kama ipo, alafu unatazama kipi kimebadilika. Ripoti yako inasema iko mahali pake, sawa, lakini mahali pake ukilinganisha na lini? Ndo swali la kurudi nalo.

Hayo maumivu ya hatua za kwanza uliyoyaeleza ni ya kuchukuliwa kwa uzito, manake ndivyo nyonga iliyolegea inavyopenda kuuma. Kwa kawaida kombe, yaani lile bakuli lililo kwenye fupanyonga, likilegea linauma kinenani au kwenye tako, na shina, lile chuma refu linaloingia ndani ya mfupa wa paja, likilegea linauma pajani. Sio sheria ya kudumu ila inasaidia kujua pa kutazama.

Sasa tunatazama nini? Kuna mistari myeusi myembamba inayojitokeza kati ya chuma na mfupa, au kati ya saruji na mfupa kwa wale waliowekewa saruji, ile ya kitabibu ya kushikiza chuma kwenye mfupa. Mstari mwembamba chini ya milimita 2 ambao haujabadilika miaka yote hautupi presha sana. Ukifika milimita 2 au zaidi, au ulikuwa sehemu moja sasa umezunguka pande zote, au kila mwaka unapanuka, hapo kuna jambo. Ili tusibishane tunaongelea mstari wa wapi, eneo la kuzunguka shina liligawanywa sehemu 7, mgao wa Gruen wa mwaka 1979, na la kuzunguka kombe sehemu 3, mgao wa DeLee na Charnley wa 1976, mpaka leo bado tunazitumia. Tunaangalia pia kama shina limeshuka. Yale yasiyo na saruji yanaweza kushuka kidogo miezi ya mwanzo alafu yakatulia, hilo halitutishi, ila linaloendelea kushuka mwaka wa pili na wa tatu halijashika. Kombe likigeuka likawa na mlalo tofauti na wa mwanzo, saruji ikipasuka, yote hayo yanaonekana kwenye eksrei ya bei ya kawaida.

Na kuna kitu kingine kinaweza kuwa kinaendelea kimyakimya bila maumivu yoyote, hiki naomba kila mwenye nyonga bandia akijue. Ndani ya kombe kuna plastiki, na kichwa kinavyozunguka humo miaka na miaka inasagika kuwa vumbi dogo mno. Chembe za mwili za kusafisha taka zinalimeza hilo vumbi, zinashindwa kulimaliza, zinakasirika na kuanza kuchochea mfupa uliwe, kwa hiyo unaona mashimo kwenye mfupa wakati mgonjwa anatembea vizuri tu. John Charnley, yule daktari wa Wrightington kule Lancashire Uingereza ambaye nyonga za leo zimetokana na kazi yake, alikutana na usagikaji mapema kabisa, makombe yake ya kwanza yalikuwa ya plastiki ya Teflon yakaisha haraka na kuwaumiza wagonjwa, ndo Novemba 1962 akaanza kutumia plastiki ngumu ya polithini. Baadaye watu walipoona yale mashimo ya mifupa waliilaumu saruji kwa miaka mingi, kumbe hata nyonga zisizo na saruji zilikuwa zinayapata. Kwenye eksrei usagikaji tunaujua kwa kuangalia kichwa kimekaa katikati ya kombe au kimepanda juu, kikipanda maana yake plastiki ya juu imeliwa. Plastiki za kisasa zilizoanza mwishoni mwa miaka ya 1990 zinasagika kidogo sana, ila kuna watu wengi bado wanatembea na za zamani.

Kwako wewe ningefanya hivi: tafuta picha zako za mwanzo, piga eksrei mpya ya nyonga zote mbili kwa mbele na nyingine ya ubavu, na mwambie fundi wa eksrei picha ifike mpaka chini ya ncha ya shina, maana nyingi zinakatwa katikati na wewe unaumia pajani hukohuko zinakokatwa. Alafu kwa sababu una selimundu na maambukizi yanawapenda watu wa selimundu, pima damu, CRP na ESR, vile vipimo vinavyopanda mwili ukiwa na maambukizi, hata kama huna homa. Ukibaki na utata ndo tunaingia kwenye CT skani, ile eksrei inayopiga mwili kipande kwa kipande, au skani ya mifupa ile ya dawa ya mionzi, Dar inafanyika hospitali ya Ocean Road. Hiyo skani ya mifupa ikiwa safi inatuliza moyo sana, lakini ikiwaka, yaani dawa ikijikusanya sehemu moja, sio lazima kuna tatizo, shina lisilo na saruji linaweza kuendelea kuwaka hata miaka miwili baada ya operesheni na hakuna ubaya wowote.

Nameza antibayotiki miezi, nyonga bado inavuta

*Mwanangu daktari, salaam. Mimi mzee wa miaka 71, nyonga niliwekewa mwaka juzi. Toka mwanzo haijawahi kunipa raha, inauma usiku hata nimelala, na pale kwenye mshono pakawa panatoa majimaji kidogo panakauka panatoa tena. Kijana wa duka la dawa ananipa vidonge, nikimeza napata nafuu, nikiacha inarudi. Eksrei nimepiga, safi. – Mzee, Tanga*

Shikamoo mzee wangu. Nakuomba sana vile vidonge usinunue tena, na wiki hii hii urudi kwa daktari wa mifupa. Nyonga ambayo haijawahi kutulia tangu siku ya operesheni, inayouma umelala, na mshono unaotoa maji, hiyo tunaihesabu ina maambukizi mpaka ithibitike vinginevyo. Na eksrei kuwa safi haikutoi kwenye hofu hiyo, mwanzoni maambukizi hayaonyeshi chochote kwenye eksrei, yakija kuonekana, mfupa umeanza kuliwa kwa kasi au ganda la nje la mfupa limejijenga matabaka, yanakuwa yamekaa siku nyingi.

Kipimo kinachosema ukweli hapo ni maji yenyewe ya ndani ya kiungo. Daktari wa picha anaingiza sindano ndefu mpaka kwenye nyonga huku anaiona kwa ultrasaundi au kwa ile eksrei inayotembea kama video, anavuta maji, yanaenda maabara kuhesabiwa chembe nyeupe na kuoteshwa wadudu, na maabara iambiwe isiyatupe mapema maana wadudu wengine wanaota taratibu, inaweza kufika siku 14. Ganzi inapigwa mzee wangu, usiogope.

Sasa ubaya wa vidonge ndo uko hapo. Ukiwa unameza antibayotiki sindano inaweza kurudi haina kitu, wadudu wamelewa tu hawajafa, na wanajificha kwenye utando wanaoujenga juu ya chuma ambao vidonge haviufikii. Ndo mana unapata nafuu alafu inarudi. Kawaida tunataka mtu awe amekaa angalau wiki mbili bila antibayotiki kabla ya sindano, lakini uamuzi wa kusitisha aufanye daktari anayekuona, usisitishe mwenyewe ukakaa nyumbani. Na ukipata homa ya kutetemeka au mguu ukawa mwekundu wa moto hizo wiki mbili hazihusiki, nenda hospitali usiku huohuo. Wanao wakusindikize, na wabebe karatasi za dawa zote ulizomeza.

Mama ana nyonga ya chuma kwa chuma, na MRI si sumaku?

*Daktari pole na kazi. Niko Leicester na mama yangu, aliwekewa nyonga hapahapa Uingereza 2007, ya chuma kwa chuma. Hospitali wamemwita tena wanataka kupima damu na kumpiga MRI. Yeye hana maumivu kabisa anasema kwanini wanamsumbua, na anaogopa ile sumaku itachomoa chuma. – Msomaji, Leicester*

Mwambie mama aende, tena afurahi kwamba wamemkumbuka. Nyonga za chuma kwa chuma, yaani kichwa cha chuma kinasugua kombe la chuma bila plastiki katikati, ziliwekwa kwa watu wengi miaka ya 2000 kwa matumaini kwamba hazitasagika. Zikasagika, na vumbi lake ni la kobalti na kromu. Kwa baadhi ya watu mwili unalikataa, panajengeka mfuko wa maji na nyama iliyovimba kuzunguka nyonga, tunauita uvimbe bandia kwa sababu sio saratani, lakini unakula misuli na mfupa vilevile. Aina moja, ASR ya kampuni ya DePuy, iliondolewa sokoni dunia nzima Agosti 2010, zaidi ya 90,000 zilikuwa zimeshawekwa kwa watu. Sajili ya taifa ya viungo bandia ya Australia ilikuwa imeshaona kwamba hizo zinarudi kufanyiwa operesheni kuliko nyingine, na kule zilitolewa sokoni mwishoni mwa 2009. Naitaja hii kwa makusudi, hakuna daktari mmoja ambaye angeligundua hilo kwa wagonjwa wake wachache, lilionekana kwa sababu kila nyonga iliandikwa. Uingereza ilitoa tahadhari yake Aprili 2010.

Kinachotisha kwa uvimbe huu ni kwamba unaweza kuwepo mtu hana maumivu na eksrei yake nzuri. Ndo mana wanapima damu, kiwango ambacho Uingereza imekiweka cha kumfuatilia mtu kwa karibu ni mikrogramu 7 za kobalti au kromu kwa lita, na wanapiga MRI au ultrasaundi kutafuta huo mfuko.

Kuhusu sumaku kuchomoa chuma, hapana, haitokei. Titani, na ule mchanganyiko wa kobalti na kromu, havivutwi hivyo, na vimeshikamana na mfupa. Sumaku haimsumbui mama, inasumbua picha, chuma kinatengeneza giza kubwa jeusi na kupindisha kila kilicho karibu. Kwa hiyo zipo namna maalum za kupiga za kupunguza huo uchafu, na hapa watu wengi wanashangaa nikiwaambia kwamba mashine ya nguvu ya tesla 1.5 inafaa zaidi kuliko ya tesla 3, maana sumaku ikiwa kali na giza linaongezeka. Hospitali iliyomwita kwa ajili ya hili inajua. Ila kwa wasomaji wa huku nyumbani, ukitumwa MRI ya nyonga bandia uliza kabla ya kulipa kama watapiga ile ya kupunguza uchafu wa chuma, wakikuambia hawaijui hiyo, okoa hela zako. Na kama mama ana kifaa cha moyo au kitu chochote kingine cha chuma mwilini aseme, hicho ni kesi nyingine kabisa na nyonga.

Imechomoka mara mbili

*Dokta, mke wangu kabadilishiwa nyonga, ndani ya miezi miwili imechomoka mara mbili, mara ya pili alikuwa anainama tu kuokota kiatu. Wanairudisha, wanapiga eksrei, wanasema imerudi, tunaenda nyumbani. Ndo basi? – Msomaji, Mombasa*

Hapana, sio basi. Miezi mitatu ya mwanzo ndo kipindi cha kuchomoka kwa sababu misuli na kifuko cha kiungo havijapona, kwa hiyo mara moja inaweza kuwa ni kuinama vibaya. Ikija ya pili lazima mtu akae atafute kwanini. Eksrei ya kuthibitisha imerudi ni ya lazima, ila inajibu swali moja tu. Tunataka kujua kombe limelala vipi. Mwaka 1978 Lewinnek na wenzake walipendekeza mlalo wa nyuzi 40 na kuelekea mbele nyuzi 15, nafasi ya nyuzi 10 kila upande, ingawa nyonga nyingi zinachomoka zikiwa ndani ya vipimo hivyohivyo kwa hiyo msivishike kama msahafu. Sasa kwa picha ya mbele peke yake ni vigumu kujua kombe linatazama mbele au nyuma, na likitazama nyuma basi kila akiinama kichwa kina njia ya kutokea. Hapo CT skani inalipa, inapima kombe na inapima pia shina limezungushwa kiasi gani, wakipitisha na magotini kidogo kupata ulinganisho. Ombeni hiyo, alafu muulizeni daktari wa upasuaji kwa uwazi: chuma kimekaa sawa au hakijakaa sawa? Wakati mnasubiri kiti kirefu, choo kirefu, asikunje nne na asiiname kuokota, wewe ndo utakuwa unaokota viatu ndugu yangu.

Baba kaanguka bafuni

*Habari daktari, baba ana nyonga bandia mwaka wa tisa, kaanguka bafuni, mguu hauwezi kuukanyagia. Kituo cha afya wamepiga picha ya nyonga wanasema chuma kipo. – Msomaji, Arusha*

Chuma kipo, mfupa je? Mpelekeni hospitali kubwa leo, asikanyage, na wapige paja zima mpaka gotini, mbele na ubavu. Mfupa unapenda kuvunjika kuzunguka ncha ya shina au chini yake, na picha ya nyonga mara nyingi inaishia juu ya hapo. Madaktari wa mifupa wanapanga mivunjiko ya kuzunguka nyonga bandia kwa mgawanyo unaoitwa Vancouver, na swali zito ndani yake ni je, shina bado limeshika au limelegea? Kama limeshika wanaweza kufunga mfupa kwa sahani na skrubu, kama limelegea lazima libadilishwe, sahani peke yake itashindwa. Na hapa tena, kama mna picha ya baba ya kabla ya kuanguka ipelekeni, inaweza kuonyesha shina lilikuwa limeshaanza kulegea kabla na ndo lililodhoofisha mfupa.

Mfupa umeota juu ya chuma

*Ripoti yangu inasema kuna mfupa umeota kwenye nyama karibu na nyonga bandia, je ni saratani? – Msomaji, Dodoma*

Sio saratani. Baada ya operesheni nyama za kuzunguka nyonga wakati mwingine zinageuka mfupa, tunapanga kwa daraja 1 mpaka 4 za mgao unaoitwa Brooker. La 1 na la 2 kwa kawaida hata huyajui, la 4 nyonga inakakamaa kabisa. Kama unakunja mguu vizuri iache.

Picha zangu ziko India

*Daktari nilifanyiwa India nikarudi na sidii, sasa kompyuta za hapa hazina pa kuiweka na moja imekwaruzika. Nitupe? – Msomaji, Dar es Salaam*

Usitupe! Tafuta mtu mwenye kisomeo cha sidii cha nje, vinauzwa Kariakoo, uhamishe mafaili yote jinsi yalivyo kwenye flashi na kwenye barua pepe yako pia. Usiishie kupiga picha skrini kwa simu na kutuma WhatsApp, ile inapoteza vipimo, na mtu wa kusoma anataka kupima milimita. Ile iliyokwaruzika iandikie hospitali uliyofanyiwa, uwape jina, namba ya faili na tarehe, uombe nakala.

Alafu angalia kwenye karatasi zako za kutoka hospitali kama kuna stika ndogo zenye maandishi na namba, zile zinabanduliwa kwenye boksi la chuma chako siku ya operesheni. Zinataja kampuni, aina, saizi na namba ya toleo. Ukija kuhitaji kubadilishiwa kipande kimoja tu, daktari asipojua ni aina gani anaweza kulazimika kung'oa hata kile kilichoshika vizuri. Na kuna matumizi mengine ambayo sisi wa picha tunayapenda: eksrei inakuza vitu, kwa hiyo milimita za kwenye picha sio milimita za kweli, lakini kama stika inasema kichwa chako ni milimita 32 basi tunakipima kichwa kwenye picha, tunapata kimekuzwa kiasi gani, na vipimo vingine vyote tunavirekebisha kwa hicho. Picha mbili zilizopigwa nchi mbili kwa mashine mbili zinalinganishika hivyo. Kwa hiyo zipige picha stika zote, na kama hazipo humo ziombe kwenye hiyohiyo barua utakayoandika India.